Sura ya 6: Kuishi Vizuri na Ugonjwa Usioondoka

Swali hili huulizwa sana na watu wanaotoka kumjulia hali mgonjwa, tena mara nyingi wakiwa wameshavuka lango na mwenye nyumba hawasikii: mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake hautapona, kwamba vidonge au sindano ni za maisha, anaweza kweli kusema anaishi vizuri? Katika Kigali ya leo swali hilo linagusa karibu kila ukoo. Yupo shangazi mwenye kisukari, jirani mwenye presha, mfanyakazi mwenzako anayemeza dawa za VVU tangu ujana wake, kijana aliyebadilishiwa vali ya moyo. Kizazi kimoja kilichopita wengi wao wangekuwa wamekwisha kufa. Leo wapo, wanakwenda sokoni, wanalea watoto, wanadaiwa kodi ya nyumba, na kwa kuwa wapo, swali la wataishi miaka mingapi limepata mwenzake aliye mgumu zaidi: miaka hiyo wataiishi vipi?

Jibu la haraka hutolewa na karatasi ya maabara. Sukari imeshuka, virusi havionekani, presha iko sawa, basi mgonjwa yuko vizuri. Hoja ya sura hii ni kwamba karatasi hiyo inatueleza ugonjwa umefika wapi, na inaishia hapo. Maisha yana mwenyewe. Huyo ndiye anayepaswa kusema kwanza maisha mazuri kwake ni yapi, ndipo wengine waanze kupima. Kusema hivyo hakumpi mgonjwa neno la mwisho juu ya kila jambo, na tutaona mahali ambapo jibu lake, likisikilizwa vibaya, linaweza kutumiwa kumnyima haki yake. Lakini pa kuanzia ni kwake.

Kipimo kilivyoingia hospitalini

Wataalamu huita jambo hili ubora wa maisha, yaani jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake kwa ujumla wake, mwili ukiwamo. Shirika la Afya Duniani lilifungua mlango mwaka 1948, katiba yake ilipoanza kutumika ikisema kwamba afya ni ukamilifu wa mwili, akili na mahusiano, wala haiishii kwenye kukosa ugonjwa. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini kabla ya shirika hilo kutengeneza dodoso la kupima jambo lenyewe. Katika miaka ya 1990 vituo vya nchi mbalimbali, cha Harare kikiwa kimojawapo katika Afrika, vilishirikiana kuunda maswali, na toleo fupi likabaki na maswali 26 katika makundi manne: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira anamoishi mtu. Cha kukumbukwa ni maelezo yaliyotangulia maswali hayo. Waliotunga walikubaliana kwamba ubora wa maisha ni mtazamo wa mtu juu ya nafasi yake katika maisha, ndani ya utamaduni wake na maadili yake, akijilinganisha na malengo, matarajio na mahangaiko yake mwenyewe. Mtu mwingine hawezi kumjazia.

Pamoja na hilo kikakua kipimo kingine, kifupi zaidi, kilichoanzia Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Hicho huuliza mambo matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Majibu hugeuzwa namba moja, ambapo 1 ni afya kamili na 0 ni sawa na kufa. Namba hiyo hupendwa na wapangaji wa bajeti kwa sababu inawawezesha kulinganisha dawa ya moyo na dawa ya saratani. Ila kuna jambo ambalo msomaji wa kawaida haambiwi. Thamani zinazogeuza majibu kuwa namba, kwa kawaida, hazitoki kwa wagonjwa. Hutafutwa kwa kuwauliza wananchi kwa jumla, wengi wao wazima, wakadirie ingekuwaje kuishi katika hali fulani. Mtu anayepanda ngazi bila kufikiri ndiye anayekadiria thamani ya mwaka mmoja wa mtu asiyeweza kuzipanda.

Kutoka nyumbani, kufika, kuchangia

Rwanda ina ushahidi wake wa namna ya kuanzia upande wa pili. Miaka michache baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watafiti waliotaka kujua jinsi huzuni inavyowazuia watu kuishi waliweka kando orodha zilizotungwa ng'ambo. Waliwauliza wakazi wa vijijini swali jepesi: ni kazi zipi ambazo mtu huzifanya ili kujitunza, kutunza familia, na kushiriki katika jamii? Orodha ya wanaume haikulingana na ya wanawake, na kipimo kikatengenezwa kutokana na orodha hizo. Waliofanya hivyo upande wa Uganda nao walipata orodha zao. Mkazo uwekwe kwenye muundo wa swali. Kundi la tatu, la jamii, liliwekwa sawa na kula na kuoga. Katika dodoso la mambo matano nililolitaja, jamii imemezwa ndani ya maneno "shughuli za kila siku", na mgonjwa asiyefafanuliwa atadhani anaulizwa kuhusu kufagia na kupika.

Fikiria maana yake Kigali. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro, kupanda miti, kutengeneza njia, na baada yake mkutano wa wakazi. Kuna ikimina, chama cha kuweka na kukopa, ambacho kwa familia nyingi ndicho kinachowezesha kulipa mchango wa mwaka wa mituweli, bima ya afya ya jamii. Kuna gutwerera, kumchangia anayeoa au kuozesha, na mchango huo hukumbukwa siku zako zitakapofika. Kuna kuhani msiba. Zamani, vijiji vya milimani vilikuwa na vyama vya ingobyi, machela ya kusokotwa ambayo wanachama walimbebea mgonjwa hadi kituo cha afya kwa zamu. Mwanachama leo alibeba, kesho alibebwa. Mtu aliyekulia katika mpango huu anajipima kwa kuuliza kama bado yumo ndani yake. Anayepokea tu, mwaka baada ya mwaka, bila kuwa na cha kurudisha, anaweza kuwa na sukari nzuri kuliko jirani zake wote na bado akasema maisha yamemwishia.

Tuseme yupo mama wa makamo anayeuza vitambaa soko la Kimironko, ana kisukari, miguu inakufa ganzi. Daktari anapomuuliza hali, anazungumzia miguu. Angeulizwa swali la jamii, angeeleza kwamba nyumba yake iko juu ya mlima, kwamba pikipiki ya kumshusha na kumpandisha inakula faida ya siku, kwamba kwa hiyo amepunguza kwenda kuhani na harusini, na kwamba harusini kwenyewe akikataa soda mara mbili huonekana anadharau. Hayo yote yanatibika kwa kiasi fulani. Tarehe za kliniki zinaweza kuunganishwa, chakula kinaweza kupangwa kwa kuzingatia sherehe badala ya kuzipiga marufuku, na mhudumu wa afya wa kijiji, ambao Rwanda inao makumi ya maelfu, anaweza kusema naye nyumbani. Lakini hakuna kati ya hayo litakalofanywa ikiwa kilichoandikwa kwenye faili ni ganzi peke yake.

Vali ya moyo, na swali ambalo daktari hawezi kulijibu

Mahali ambapo hoja hii inakuwa wazi zaidi ni kwa wagonjwa wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu huanzia utotoni, kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kuharibu vali, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma ndani ya moyo. Waathirika ni watoto wakubwa na vijana, na wanawake ni wengi. Tangu mwaka 2008 timu za upasuaji zimekuwa zikija katika Hospitali ya King Faisal, Kigali, kuwapasua wagonjwa hawa pamoja na wataalamu wa Rwanda. Operesheni huokoa maisha, na anayeokolewa mara nyingi ni msichana mwenye miaka ishirini na kitu.

Sasa vali ipi? Vali ya chuma hudumu miaka mingi, ila humlazimu mgonjwa kumeza dawa ya kuzuia damu isigande kila siku ya maisha yake na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hiyo, warfarini, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na ujauzito wa mwanamke mwenye vali ya chuma una hatari kubwa kwake mwenyewe. Vali inayotokana na tishu za mnyama haihitaji dawa hiyo kwa maisha yote, lakini kwa mtu kijana huchakaa mapema, na maana yake ni kupasuliwa tena. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuchagua kati ya hizo mbili. Anayesema "nataka miaka mingi iwezekanavyo" na anayesema "nataka kuzaa hata kama nitarudi mezani" wote wana akili timamu, na kila mmoja anaeleza ubora wa maisha yake. Daktari anajua hatari za kila njia kuliko mgonjwa. Uzito wa kuzaa au kutozaa katika familia ya mgonjwa huyo, hawezi kuujua mpaka aambiwe. Akiamua bila kuuliza, atakuwa amejaza pengo hilo kwa makisio yake, na makisio hayo yataishi kifuani mwa mtu mwingine.

Virusi vimefubaa, moyo je?

Rwanda imefanya vizuri kwenye VVU kuliko nchi nyingi. Tangu Julai 2016 kila anayegundulika huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ishuke, na uchunguzi wa taifa wa 2018 hadi 2019 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wote wenye VVU, asilimia 76 virusi vyao vimefubazwa. Katika kipindi hicho hicho utaratibu ulibadilishwa: mgonjwa aliyetulia alianza kumwona mtaalamu kila baada ya miezi sita na kuchukua dawa kila baada ya mitatu. Badiliko hilo halikuongeza nguvu ya dawa hata kidogo. Lilimrudishia mtu siku zake za kazi, na likapunguza mara anazoonekana kwenye foleni inayojulikana ni ya nini. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa maamuzi bora ya ubora wa maisha yaliyofanywa nchini, na halikupewa jina hilo.

Lakini kuna wanawake wa Kigali ambao VVU viliwafikia kwa kubakwa mwaka 1994. AVEGA Agahozo, chama cha wajane wa mauaji ya kimbari kilichoanzishwa Januari 1995, kiliwapa mahali pa kusemea hayo kabla dawa hazijapatikana. Utafiti ulioanza 2005 mjini Kigali, ukiwafuatilia wanawake wenye VVU na wasio navyo, ulikuta dalili za kiwewe kwa wengi sana wa makundi yote mawili. Uchunguzi wa afya ya akili wa mwaka 2018 nao ulionyesha sonona, yaani huzuni nzito inayozidi uwezo wa mtu, kwa takriban asilimia 12 ya watu kwa jumla, na asilimia 35 ya manusura wa mauaji ya kimbari. Kwa mwanamke wa namna hii, kuhesabu virusi na kumpongeza ni kumjibu jambo ambalo hakuuliza.

*Kwa ufupi hadi hapa:* ugonjwa hupimwa na mtaalamu. Maisha mazuri huelezwa na mwenyewe. Kigali maelezo hayo huelekea sana kwenye kushiriki na kuchangia. Na mara nyingine, kama kwenye vali ya moyo, maelezo ya mgonjwa hubadilisha tiba yenyewe.

"Lakini mgonjwa huzoea"

Pingamizi kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka 1999 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye ulemavu mkubwa waliowahoji walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Mwaka 2005 utafiti mwingine huko huko uliwachunguza watu wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa. Hisia zao za siku hadi siku zilikaribiana na za watu wasio wagonjwa, ilhali hao wasio wagonjwa walitabiri kwamba wangekuwa na huzuni kubwa. Binadamu huhamisha matarajio. Basi, anasema mpingaji, ukimsikiliza mgonjwa atakuambia anaendelea vizuri, na waziri wa fedha atafurahi kusikia hivyo.

Amartya Sen, mwanauchumi wa India, alilionyesha tatizo hili kwa mfano wa majimbo mawili ya nchi yake. Kerala, ambako watu waliishi muda mrefu kuliko majimbo mengine na wamesoma zaidi, wananchi waliripoti magonjwa mengi. Bihar, ambako walikufa mapema, waliripoti machache. Aliyezoea kukosa huacha kuhesabu anachokosa. Pingamizi hili ni la kweli, na halijibiwi kwa kusema wagonjwa wasidharauliwe. Linajibiwa kwa kutenganisha maswali mawili yanayochanganywa kila mara. Swali la kwanza ni nini kina thamani katika maisha ya mtu huyu. Hapo mgonjwa ndiye shahidi mkuu, na mazoea hayampunguzii ushahidi, kwani aliyeishi na ugonjwa ameona ambacho mzima anakikisia tu. Swali la pili ni anastahili kupewa nini. Hapo kuridhika kwake hakuna uzito hata kidogo. Kabla ya Mei 2023, wakati King Faisal ilipoanza kupandikiza figo hapa hapa Kigali, waliohitaji upandikizaji walilazimika kwenda nje, wengi India, na wasio na uwezo hawakwenda. Mmoja wa hao angesema amekubali hali yake, kukubali kwake kungetuambia habari za nguvu ya nafsi yake. Kusingepunguza alichostahili kupewa.

"Lakini hapa watu hawalalamiki"

Pingamizi la pili linatoka ndani. Wanyarwanda hufunzwa kwihangana, kustahimili, na mtu mzima hamwagi mambo yake mbele ya muuguzi aliyevaa koti jeupe. Ukimuuliza hali atakujibu ni nzuri, kwa adabu. Kweli kabisa. Ila hilo ni kosa la swali. "Hali yako?" ni salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu. Maswali yanayoomba tukio badala ya hukumu hupita mlango huo bila kuuvunja:

- Mwezi huu, ni wapi ulitaka kwenda ukashindwa?
- Nani alikusaidia kwa jambo ambalo ungependa ulifanye mwenyewe?
- Dawa au tarehe za kliniki zimekuzuia kufanya nini?
- Kitu gani kikirudi, hata peke yake, utasema nimepata nafuu?

Miaka ya 1990 mjini Dublin watafiti walikwenda mbali zaidi: mgonjwa alitaja mwenyewe mambo matano yanayobeba maisha yake, akasema kila moja likoje na lina uzito gani. Njia hiyo haina orodha ya kuanzia kabisa. Katika Kigali inaweza kuleta ikimina na kwaya ya kanisani kwenye faili la hospitali, nami sioni kwa nini visiwemo.

"Lakini muda hautoshi"

Foleni ni ndefu, wauguzi ni wachache. Hata hivyo eneo letu lina chombo kilichotengenezwa kwa mazingira haya. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kina kipimo cha maswali kumi. Tiba shufaa ni huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso mengine ugonjwa wenyewe usipoondoka. Maswali saba ni ya mgonjwa, na hayaishii kwenye maumivu: yanauliza kama ana wasiwasi, kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana maana, kama ana amani, kama amesaidiwa kupanga ya mbele. Utafiti uliochapishwa 2011, kwa wagonjwa 285 wa Afrika Kusini na Uganda, wengi wao wenye VVU na waliobaki hasa wenye saratani, uliuliza kipi kina uzito zaidi. Kuwa na amani na kuona maana ya maisha vilishinda kujishughulisha na hata kutulia kwa mwili.

Jibu hilo lisitumiwe kuwanyima watu dawa ya maumivu. Mwenye kuungua usiku kucha hawezi kutafuta amani. Rwanda ilipitisha sera ya taifa ya tiba shufaa mwaka 2011, ikiwa ya mapema Afrika, na hutengeneza mofini ya maji ya kunywa nchini na kuwagawia wagonjwa bila malipo. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha maswali mengine yafuate.

Maswali matatu yaliyobaki ya kipimo hicho huulizwa anayemuuguza: kama amepewa habari ya kutosha, kama anajiamini katika kuuguza, kama ana wasiwasi juu ya mgonjwa. Waliotunga waliyatenga na yale saba, nao walikuwa na sababu. Familia nyingi humficha mgonjwa jina la ugonjwa kwa upendo, halafu huzungumza kwa niaba yake, na daktari huridhika kwa kuwa amepata jibu. Binti anayesema "mama anataka kulala hospitalini" huenda anaeleza hofu yake mwenyewe ya kubaki na mama usiku. Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa na kusaidiwa, kwa jina la binti, kwenye mstari wake. Mstari wa mama ungoje mpaka mama aulizwe.